Salamu za Mwajiri

Kabla ya semina ile, Baltazar alikuwa na wafanyakazi. Baada ya semina akawa na huduma ya nguvu kazi inayotolewa na wakala. Watu ni wale wale, ghala ni lile lile, mbaazi ni zile zile, na vumbi lake lile lile la kukereketa koo. Kilichobadilika ni jina tu, na jina hilo lilitoka Arusha likiwa limevaa suti.

Aliyelileta ni wakili Elimringi, mtu wa maneno laini na viatu vya kung'aa, aliyealikwa kuzungumza na wenye maghala na wakamuaji wa alizeti katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini Babati. Alisema ana mambo mawili tu, hatari na fursa. Hatari ni kwamba kibarua anayeingia kwako kila asubuhi, anayetumia vifaa vyako na kuamrishwa na wewe, hata kama hujawahi kumpa karatasi yoyote, ipo siku sheria itamwita mfanyakazi wako. Akiumia, mfuko wa fidia utakuuliza michango yake iko wapi. Ukumbi mzima ukaguna. Fursa ni wakala: mtu mwingine anawaajiri, wewe unamlipa yeye. Ukumbi ukachangamka.

Tusimsingizie wakili, alimalizia vizuri. Alisema wakala huyo lazima awe wa kweli, asajiliwe, naye awasajili watu wake, la sivyo ni kujidanganya. Lakini maneno hayo aliyasema sambusa zikiwa zinaingia, na Baltazar alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia.

Ghala lake liko Nangara, mkabala na nyumba yake. Alikuja Babati kutoka Rombo akiwa kijana mwenye furushi la mitumba, akajibana, akaanza kununua mbaazi kidogo kidogo, mpaka leo malori yanapanga foleni getini kwake. Wanawake hupepeta na kuchambua, wanaume hujaza magunia na kuyapanga. Wote humwita bosi. Yeye naye, kanisani, sokoni, popote pale, huwaita "watu wangu". Neno hilo lilimkaa vizuri mdomoni, na alilitamka hata pasipo na haja.

Wakala hakumtafuta mbali. Mkewe Emerensiana alikuwa na mpwa, Hilary, aliyekuwa na kibanda cha kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti kule Bagara. Hilary akachonga muhuri, akajipa ukurugenzi, akaja ghalani na meza yake ya plastiki. Kila mtu akaitwa kuweka dole gumba.

Yohanes alisimama mbele ya ile meza huku kidole kimeshapakwa wino, akageuka. Yohanes ndiye aliyekuwa mpangaji wa magunia. Alikuwa pale tangu ghala halina paa, na mabati ya paa lenyewe aliyapandisha yeye.

"Bosi," akauliza, "kwani huyu kijana ndiye bosi sasa?"

Baltazar akacheka. "Bosi ni mimi, Yohanes. Hiyo ni karatasi tu."

"Haya. Kama ni karatasi tu." Akabonyeza kidole, akarudi kwenye magunia yake.

Mwaka huo bei ya mbaazi ikaanguka. Baltazar akakataa kuuza, akaendelea kununua, akingoja bei ipande. Ghala likajaa mpaka wapepetaji wakahamia nje, chini ya turubai. Bado magunia yakawa yanaingia.

"Ongeza safu mbili juu," alimwambia Yohanes.

Yohanes akatazama juu, akajikuna shingo. "Bosi, pale ni juu mno. Mlundo umeshaanza kuinama."

"Panga tu, malori yanakuja wiki hii."

Malori hayakuja wiki hiyo. Kilichokuja ni kishindo, asubuhi moja, na ukelele wa wanawake. Baltazar alivuka barabara mbio akiwa na kandambili, akayavamia yale magunia kwa mikono yake mwenyewe, akayavuta mpaka kucha zikatoka damu. Walipompata Yohanes alikuwa bado anapumua. Hospitali hawakumfikisha akiwa hai.

Baltazar alilia. Hapa wengi hawaniamini, lakini alilia kweli, siyo machozi ya kuonyesha watu. Akanunua jeneza, tena zuri. Akatoa lori la kubebea watu, akatoa mchele, na Emerensiana akaenda kupika msibani na kulala huko na wafiwa. Halafu Baltazar akampigia simu wakili Elimringi, maana kulia ni kulia na biashara ni biashara.

"Kwenye karatasi mwajiri ni nani?" wakili akauliza.

"Hilary."

"Basi Hilary ndiye atakayesimama msibani kama mwajiri. Wewe, mzee wangu, toa unachotoa, lakini usifungue mdomo. Ukisema ni mfanyakazi wako umejifunga mwenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sasa, huku kwetu mtu haendi kaburini hivi hivi. Husomwa historia yake, alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alioa nani, kisha huja salamu. Ukoo husema, jumuiya ndogo ndogo husema, halafu huitwa mwajiri. Salamu za mwajiri watu huzisubiri. Marehemu ambaye kazini kwake hawakusema neno, watu huondoka wakijiuliza miaka yote ile alikuwa akiamkia wapi. Wapo waliozikwa kwa majeneza ya bei mbaya na bado watu wakawasikitikia kwa kukosa salamu hizo.

Yohanes alizikwa nyumbani kwake, kwenye kishamba kilicho nyuma ya ghala, ng'ambo ya korongo dogo. Mkewe Ursula alikaa kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka kwenye macho, watoto wawili wamemlalia magotini. Katekista akamwita mwajiri.

Hilary akainuka, miwani ya jua iko kichwani.

"Kwa majina naitwa Hilary, ni mkurugenzi. Kwa niaba ya kampuni, tumempoteza mtoa huduma wetu, marehemu Yohana..."

"Yohanes!" mtu akamrekebisha.

"Samahani, Yohanes. Alikuwa mchapakazi, alikuwa... kule kwenye..." Akamwinamia aliyekuwa karibu naye, akamnong'oneza, na kipaza sauti kikanasa kila kitu: "Huyu alikuwa anapepeta au anabeba?"

Minong'ono ikazagaa. Mzee mmoja wa ukoo, aliyeteremka kutoka Mbulu asubuhi ile, akauliza kwa sauti: "Huyu mtoto ni wa nani? Ndiye Yohanes wetu alikuwa anamfanyia kazi?"

Ndipo Ursula alipoinua uso. Akamtazama Hilary, kisha akayazungusha macho katika umati mpaka yakampata Baltazar. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, jinsi mtu anavyomngoja mwenyeji aje afungue mlango.

Baltazar alijikaza. Alimkumbuka wakili, akatazama viatu vyake. Lakini moyo ulimuuma, na tena, tuseme ukweli wote, aliona wivu. Huyu mtoto mwenye muhuri amsemee Yohanes? Yohanes huyu? Miguu ikamwinua kabla hajakata shauri. Akamnyang'anya Hilary kipaza sauti.

"Huyu alikuwa mfanyakazi wangu," akasema. "Wangu mimi, siyo wa mtu mwingine. Tangu ghala halina paa. Paa lile mnaloliona pale, aliliweka yeye. Nilikuwa nikimwambia panga, anapanga. Nikimwambia njoo Jumapili, anakuja. Hata siku ile ni mimi niliyemwambia aongeze. Sikuwa na mfanyakazi kama huyu. Ursula mama, nisamehe. Watoto hawa ni wangu."

Sauti ikamkatika. Watu wakalia upya, na wanaume waliokuwa wamejizuia tangu asubuhi wakaanza kutafuta leso. Dorika, mmoja wa wachambuaji, alikuwa ameinua simu, anarekodi, kama watu wanavyorekodi misiba siku hizi.

Jioni hiyo Baltazar alivuka korongo kurudi kwake akiwa mwepesi. Wazee walimshika mkono kwa mikono miwili. "Bosi, umemheshimu mtu," walimwambia. Hata mzee wa Mbulu alimpa baraka. Hakuwahi kujisikia mwema kiasi kile, na pengine hakuwahi kuwa mwema kiasi kile.

Ursula alimfuata nyumbani baada ya matanga kuondolewa. Hakutaka kiti. Alisimama kibarazani, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mama. Watoto?"

"Hawajambo. Bosi, katekista amenielekeza kwamba kuna mfuko wa fidia. Mtu akifia kazini, mke na watoto wanatunzwa. Nimekwenda kuuliza, wameniambia wanachohitaji ni mwajiri athibitishe kwamba alikuwa mtu wake. Nimekwenda kwa Hilary, anasema yeye hajamsajili mtu yeyote. Sijaja kukushtaki, bosi. Yale uliyoyasema pale kaburini, uyaseme tena ofisini. Hayo hayo tu. Usiongeze kitu."

"Nitaangalia, mama."

"Asante, bosi."

Akaangalia. Akamwita wakili, wakakaa sebuleni, Emerensiana katikati yao. Wakili alikuwa ameshaiona video ya Dorika, na safari hii maneno laini aliyaacha Arusha.

"Nilikwambia ukae kimya," alisema. "Sasa sikiliza. Ukimkubali huyu mmoja, umewakubali wote. Watakuja wachambuaji, watakuja wapakiaji, kila mmoja na miaka yake. Hujamlipia michango hata mtu mmoja. Na wakala wako ni kibanda cha kopi! Mimi nilisema wakala wa kweli."

"Na sendofu ya Kindness imeshatangazwa," Emerensiana akaongeza, maana binti yao alikuwa karibu kuagwa aende kuolewa. "Wakwe wanatoka Moshi. Tutawaambia nini? Kwamba ghala limepigwa kufuli?"

Baltazar aliwaza juu ya watoto wale wawili. Aliwaza pia juu ya ghala, mkopo wa benki, na binti yake. Halafu akauliza swali ambalo mtu huuliza akiwa ameshakubali: "Kwa hiyo nikasemeje?"

"Kule msibani ulizungumza kama nani?"

"Kama..."

"Kama jirani," wakili akamdakia. "Unaishi ng'ambo ya korongo. Jirani amefiwa, umesema maneno ya kufariji. Nani msibani hasemi zaidi ya kilichopo? Ulizungumza kama jirani, basi."

Baltazar alipokataa kuthibitisha, Ursula akafungua madai, na shauri likaenda kwa mwamuzi. Ursula aliwaomba wachambuaji waje washuhudie, na wote walikubali, na siku yenyewe ilipofika alikuja Dorika peke yake. Wengine kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilianzia getini kwa Baltazar. Wala siwalaumu. Dorika ambaye alikuja, kesho yake aliambiwa getini kwamba nafasi zimejaa, na tangu hapo hazijapungua.

Video ikachezwa kwenye simu, imewekwa katikati ya meza. Sauti ya Baltazar ikajaa chumba kile kidogo. Wangu mimi, siyo wa mtu mwingine. Mwamuzi, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, alisubiri mpaka mwisho. Kisha akamgeukia.

"Hii ni sauti yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Uliyoyasema hapa ni ya kweli?"

Ursula alikuwa upande wa pili wa meza, mikono magotini. Alimtazama kama alivyomtazama siku ile kwenye mkeka. Bado alikuwa anangoja afungue mlango. Baltazar aliona aibu iliyomwasha mwili mzima, na akasema vile vile.

"Mheshimiwa, msibani mtu husema maneno ya kufariji wafiwa. Marehemu alikuwa ameajiriwa na wakala, mkataba upo, dole gumba lake liko pale. Mimi nilizungumza kama jirani tu."

"Kama jirani?"

"Ndiyo. Kama jirani."

Ursula hakulia. Alirekebisha khanga yake begani, akaitikia kwa kichwa polepole, ungedhani ameelekezwa njia na sasa ameielewa. Mwamuzi alikuwa na mkataba wenye dole la marehemu upande mmoja na kauli ya aliye hai upande wa pili, na vyote viwili vilisema kitu kimoja. Madai dhidi ya Baltazar yakaanguka. Ursula akaambiwa amtafute Hilary. Hilary alikuwa ameshafunga kibanda na kuhamia Singida na muhuri wake.

Baltazar hakuwa mtu wa kutupa watu, au ndivyo alivyojiambia. Alimpelekea Ursula gunia la mahindi. Ada ya shule pia aliahidi kuiangalia. Ursula alilipokea gunia, maana watoto hawali kiburi, akasema asante. Baltazar alisubiri aongeze lile neno la mwisho alilozoea kulisikia, bosi, lakini Ursula alikuwa ameshaingia ndani.

Pale ghalani kazi iliendelea. Walikuja kwa wakati, walipepeta, walichambua, walipakia. Lakini yale mazoea ya kumchungulia ofisini na kumwambia mtoto kapata kipaimara, mama mkwe anaumwa, yalikwisha. Alipopita walinyamaza. Alidhani ni majonzi, yatapita.

Ikafika sendofu ya Kindness. Baltazar hakubana mkono. Ukumbi wa Bagara ulipambwa vitambaa vya dhahabu, meza ya keki ikawekewa taa. Wiki nzima kabla ya hapo alisimama getini akiwaalika mmoja mmoja kwa mdomo wake. "Mje wote, watu wangu. Hamna kadi, kadi yenu ni sura zenu." Hata Ursula alimwendea ng'ambo ya korongo. Hata kwa Dorika alituma mtu. Walikubali. Akamwambia mshereheshaji awaweke kwenye ratiba, tena mapema, wakwe waone kwamba huyu baba wa binti ana watu nyuma yake.

Na kweli walikuja. Walijaa meza za nyuma, wamependeza, wamejipaka mafuta, wanakula na kunywa kwa adabu. Baltazar aliwaona kutoka meza kuu na moyo wake ukatulia. Imekwisha, akawaza. Wamenisamehe.

Ukafika wakati wa zawadi, kila kundi likiitwa kuleta yake kwa kucheza. Walicheza shangazi na wajomba, wakacheza kwaya ya Emerensiana, wenye maghala wenzake wakacheza na friji. Kisha mshereheshaji akapaza sauti: "Na sasa, wale wanaomfanya Baba Kindness aitwe bosi! Wafanyakazi wa ghala, uwanja ni wenu!"

Muziki ukapigwa. Uwanja ukabaki mtupu.

"Wafanyakazi! Au wameenda kupakia?" mshereheshaji akatania. Watu wakacheka. Wimbo ukarudishwa mwanzo, taa zikazunguka juu ya sakafu ambayo haikuwa na mtu. Baltazar alitazama meza za nyuma. Wote walikuwa pale, mikono mezani, nyuso zimetulia, wanamtazama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenuna. Aliwapungia mkono, njooni, njooni. Hakuna aliyetikisika.

"Wapo pale, wameketi!" Emerensiana alimnong'oneza kwa ukali. "Wana nini hawa?"

Mkwe mwenziwe kutoka Moshi akamwinamia kwa upole. "Wafanyakazi wako hawakupewa taarifa?"

Baltazar akampungia mshereheshaji aendelee na mengine. Jasho lilimtoka ndani ya koti jipya.

Mshereheshaji, mzoefu wa kuziba mapengo, akageuza karatasi. "Tusonge, tusonge! Nawaita majirani! Majirani wa Baba Kindness!"

Viti vya nyuma vikaburuzwa kwa pamoja. Wakasimama wote. Wachambuaji, wapakiaji, mlinzi wa geti, hata waliotoka Maisaka na ambao ujirani wao na Baltazar ni wa kulazimisha kabisa. Wakajipanga mistari miwili, wakaanza kucheza, na walicheza vizuri kuliko kundi lolote usiku ule. Vigelegele vikapasua ukumbi. Dorika alibeba sufuria zilizofungwa karatasi ya maua. Mbele yao alitembea Ursula, hachezi, kitambaa cheusi bado kiko kichwani, amekumbatia blanketi zito, jipya, ambalo Baltazar alijua limechangwa na watu ambao baridi wanaijua.

Akamkumbatia Kindness, akamfunika lile blanketi mabegani, akamwombea kwa sauti ndogo, kwa dhati kabisa. Kindness akalia. Kisha Ursula akageuka, akaja mpaka mbele ya Baltazar, akapiga goti kwa heshima zote. Mshereheshaji akawahi kuweka kipaza sauti kati yao.

"Shikamoo, jirani," Ursula akasema. "Sisi ni majirani zako. Tumekuja kumpongeza binti yetu."

Nyuma yake walikuwa wamesimama wote, kimya, wanangoja aitikie. Wakwe walikuwa wanatabasamu, wanasema watu wa Babati wana upendo. Kipaza sauti kikasogezwa kwa Baltazar, yeye ambaye kaburini alikichukua bila kupewa. Alitaka kusema watu wangu. Neno lilifika kooni, likakwama pale pale, kama vumbi la mbaazi.

"Marahaba, jirani," akasema, na ukumbi mzima ukapiga makofi.